Steringi Hafi, Mtoto Je? Tunavyowasoma vibaya watoto wa kwenye filamu

Tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na sheria moja: steringi hafi. Ilikuwa na sheria ndogo nyuma yake, ambayo hakuna aliyehitaji kuitamka: mtoto naye hafi, na filamu ikiisha na kichanga mikononi, basi mambo yamekuwa salama. Wengi wetu bado tunatazama kwa macho hayohayo.

Dhana: Jitu la Frankenstein lilimuua mtoto kwa ukatili

Walioamini hivyo wana haki ya kusamehewa, maana waliiona filamu ikiwa imekatwa. Katika *Frankenstein* kamili ya mwaka 1931, iliyoongozwa na James Whale, binti mdogo aitwaye Maria analikuta jitu, lililoundwa kwa viungo vya maiti, kando ya ziwa. Haliogopi. Analigawia maua, wanayarusha majini moja moja, yanaelea. Maua yakiisha, jitu linamnyanyua Maria na kumrusha, likidhani naye ataelea. Anapozama, ni jitu linalotaharuki na kukimbia.

Wakaguzi wa filamu Marekani walilikata tukio hilo pale mikono inaponyooshwa. Mtazamaji akatolewa kwenye mikono hiyo akapelekwa moja kwa moja kwa baba aliyebeba maiti ya bintiye mtaani. Hebu jaza mwenyewe kilichotokea katikati! Mkasi uliokusudiwa kupunguza ubaya ndio uliouongeza, na kipande hicho hakikurudishwa mpaka miaka ya 1980.

Mhispania Víctor Erice aliliona pengo hilo akajenga juu yake filamu nzima, *El espíritu de la colmena*, ya mwaka 1973. Ni mwaka 1940, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha karibuni, na Frankenstein inaonyeshwa kwenye kijiji cha Castilla, huko Hispania. Ana, mtoto mdogo, anamuuliza dada yake: kwa nini alimuua? Dada anamjibu kitoto: hakuna aliyekufa, kwenye sinema kila kitu ni uongo, na lile jitu ni roho, unaweza kuiita.

Basi Ana anaiita. Anayemkuta kwenye banda lililoachwa ni mtoro mwenye jeraha, naye anampelekea chakula. Usiku mtoro anapigwa risasi, na maiti yake inalazwa kwenye ukumbi uleule, chini ya skrini ileile. Hapo ndipo nilipomvulia Erice kofia. Hakuhitaji mtoto afe ili azungumze juu ya kifo; ilitosha mtoto akatae kuamini kwamba mtu akifa amekwisha, katika nchi ambayo wakubwa wote wamenyamaza.

Dhana: Kichanga ni matumaini

Hapa *The Godfather* ya mwaka 1972 inatosha kuwa shahidi. Wengi hukumbuka ule ubatizo wa mwishoni kama wa mtoto wa Michael Corleone, mrithi wa familia ya mafia. Si wake. Ni wa dada yake Connie, na Michael ni baba wa ubatizo. (Kichanga chenyewe, kinachoigiza mtoto wa kiume, ni Sofia, binti wa mwongozaji Francis Ford Coppola.) Kasisi anauliza, unamkataa Shetani? Michael anaitikia kwamba anamkataa, huku vijana wake wakiwamaliza mahasimu mmoja baada ya mwingine.

Husemwa kwamba onyesho hilo ni unafiki tu, sala huku na damu kule. Nadhani tunalipunja. Katika Ukristo kubatizwa ni kufa na kufufuka. Anayekufa pale ni yule Michael aliyewahi kusema hayuko kama familia yake, na anayefufuka ni bosi. Kichanga kimeazimwa tu. Siku hiyohiyo baba yake, Carlo, ananyongwa kwa amri ya baba wa ubatizo.

Dhana: Mtoto anayeonekana mwishoni mwa *2001: A Space Odyssey* ni kiumbe wa sayari nyingine

Ni Bowman yuleyule, mwanaanga aliyezeeka kitandani mbele ya macho yetu. Mwongozaji wake, Stanley Kubrick, alilisema wazi mwaka 1969: amezaliwa upya. Ila kama ni habari njema kwa dunia anayoitazama, filamu haisemi.

Dhana: Mtoto wa *Children of Men* ni mwanzo usio na jana

Filamu hii ya Alfonso Cuarón, ya mwaka 2006, inaanza na msiba: mtu mdogo kuliko wote duniani amekufa, na alikuwa na miaka 18. Tangu yeye na rika lake, hakuna aliyezaliwa tena. Kisha Kee, mkimbizi Mwafrika nchini Uingereza, anajifungua mtoto wa kike. Anamwita Dylan, jina la marehemu mwana wa Theo, mwanamume aliyewavusha kwenye risasi.

Nimewasikia watu wakishangaa binti kupewa jina la kiume. Bibi yangu asingeshangaa hata kidogo. Huko kwetu jina la marehemu hutafutiwa mwenyewe, na siku likipata mtu, mama aliyefiwa huanza tena kulitamka bila kulia.

Theo analisikia jina hilo ndani ya mtumbwi, jeraha likivuja, kisha kichwa kinamwinama. Meli inajitokeza kwenye ukungu. Skrini inaingia giza, na kinachosikika ni watoto wakicheza.