Ruzuku ya Safari za Makongamano ya Kompyuta: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila msimu wa makongamano wapo wanafunzi wa uzamili na uzamivu ambao wangeweza kusafirishwa kwa ruzuku, na hawasafiri. Hakuna aliyewanyima. Hawakuomba, kwa sababu mwenzao wa maabara aliwaambia jambo fulani nao wakalichukua kuwa ni kanuni. Maneno ya namna hiyo yananiuma, maana huwakosesha nafasi wale hasa ambao ruzuku ziliwekwa kwa ajili yao.

“Kama huna andiko la utafiti lililokubaliwa na kongamano, usijisumbue.” Ni kweli kwamba mwenye andiko hupewa kipaumbele mahali pengi. Lakini ACM-W, kitengo cha wanawake cha ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta, imekuwa ikiwasaidia wanafunzi wa kike kuhudhuria makongamano ya utafiti bila sharti la kuwasilisha chochote: hadi dola 600 kwa safari ya ndani ya bara lako, hadi dola 1,200 ukivuka bara. Shindano la utafiti la wanafunzi la ACM hupokea kazi ambayo bado inapikwa, unakuja na bango lako ulieleze. Zipo pia warsha za malezi ya watafiti wachanga. Ile ya lugha za programu, PLMW, ilianza mwaka 2012 sambamba na POPL, kongamano la fani hiyo, na inamlenga mwanafunzi ambaye ndiyo kwanza anaingia kwenye fani. Kwa warsha kama hiyo, kuwa mgeni ndiyo sifa yenyewe.

“Fedha hizi ni za vyuo vikubwa vya nchi tajiri.” Mfuko wa safari wa SIGCHI, jumuiya ya watafiti wa mahusiano kati ya watu na kompyuta, unaitwa kwa jina la Gary Marsden, profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliyefariki mwaka 2013. Kamati nyingi hutazama uhitaji na umbali, na chuo ambacho hakijawahi kuonekana kwenye kongamano kinaweza kukuongezea uzito. Soma tu masharti. Ruzuku zinazotoka NSF, wakala wa serikali ya Marekani unaofadhili utafiti wa sayansi, kwa kawaida ni za wanaosoma kwenye vyuo vya huko. Hapo kigezo kikuu huwa ni chuo unachosoma, si pasipoti uliyonayo, hivyo mwanafunzi wa kigeni aliyeko kwenye chuo cha Marekani asijitoe mwenyewe kabla ya kusoma tangazo.

“Ukipata ruzuku, fedha zinakuja kabla ya safari.” Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ruzuku nyingi hulipwa baada ya kurudi: wewe ndiye unayelipa nauli na hoteli, kisha unatuma ushahidi na kusubiri, pengine miezi. Ukiwa huna akiba wala kadi ya mkopo, barua ya pongezi haikusogezi hata uwanja wa ndege. Waulize waandaaji mapema, kwa maneno ya wazi: je, mnaweza kunikatia tiketi ninyi wenyewe? Je, ada ya usajili inaweza kufutwa badala ya kurejeshwa? Muulize na msimamizi wako kama idara inaweza kutanguliza fedha. Si ombi la aibu, na waandaaji wamezoea kulisikia.

Halafu tunza karatasi. Risiti ya hoteli iwe na jina lako na ionyeshe kwamba deni limekwisha. Uthibitisho wa kuweka nafasi pekee mara nyingi haukubaliwi. Kadi ya kupandia ndege ipige picha kabla hujaitupa. Kama ulilipa kwa fedha ya nchi nyingine, hifadhi taarifa ya benki inayoonyesha kiwango cha ubadilishaji. Na kama ruzuku inatoka serikali ya Marekani, kuna sheria inayotaka usafiri kwa mashirika ya ndege ya Marekani, isipokuwa kwa hali maalumu. Tiketi ya bei nafuu ya shirika jingine inaweza kukubakia wewe, ulipe mwenyewe.

“Msimamizi akichangia, siwezi kuomba kwingine.” Unaweza, mradi useme wazi nani analipia nini. Kinachokatazwa ni kulipwa mara mbili kwa gharama ileile. Unaweza pia kujitolea kama msaidizi wa kongamano: unafanya zamu za saa kadhaa, mara nyingi kwa kubadilishana na ada ya usajili.

“Barua ya maombi ni ya kujisifu.” Msomaji wa kamati ana rundo mbele yake. Sentensi kama “nitafaidika sana kukutana na watafiti mashuhuri” haimwambii kitu. Mwambie unachofanyia kazi, kikao gani kwenye ratiba kinagusa tatizo ulilokwama nalo, na ni kiasi gani kimepungua kwenye bajeti yako. Aya mbili zenye hayo zinatosha.

“Viza nitaishughulikia ruzuku ikishatoka.” Utakuwa umechelewa. Mwaka 2018, watafiti wengi waliotarajiwa kwenye warsha ya Black in AI, jumuiya ya watafiti weusi wa akili bandia, kwenye kongamano la akili bandia la NeurIPS mjini Montreal, walinyimwa viza za Kanada. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, unaruhusiwa kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari, na majibu huchukua siku 15 kwa kawaida, bila kuhesabu foleni ya kupata miadi. Omba barua ya mwaliko mara tu andiko linapokubaliwa, na uliza kama kuna nafasi ya kuwasilisha kwa mtandao endapo viza itagoma.

“Nikipewa kisha nikashindwa kwenda, nimejiharibia.” Wanaojiharibia ni wanaonyamaza. Waandikie waandaaji siku hiyohiyo unapojua, maana kuna mwanafunzi kwenye orodha ya akiba ambaye bado ana muda wa kukata tiketi.