Je, wajua kwa nini breki za pikapu hulia?

Pikapu iliyolala nje usiku kucha mjini Malindi, hasa kwenye mitaa inayopakana na bahari, huanza siku kwa mlio. Dereva anakanyaga breki mara ya kwanza, gurudumu linakwaruza. Anakanyaga ya pili, linalia kidogo. Akifika barabara kuu, kumetulia. Pikapu nyingine haitulii kamwe: inalia kutoka Gongoni mpaka sokoni, na kila anayeisikia ana dawa yake. Paka grisi. Piga msasa. Badilisha pedi. Dawa hizo haziwezi kufaa zote, kwa kuwa milio yenyewe hutofautiana, na kila mmoja una chanzo chake.

Tuanze na namna sauti inavyozaliwa. Gurudumu la mbele la pikapu nyingi lina diski ya chuma inayozunguka pamoja nalo, na pedi mbili ambazo kalipa, yaani kibanio cha chuma kilichoikumbatia diski, huzibana kwenye diski hiyo, moja kila upande. Ungedhani pedi huteleza juu ya diski mfululizo. Sivyo. Pedi hunata, diski huivuta kidogo, kisha huachia, halafu hunata tena, na hayo hutokea maelfu ya mara kwa sekunde moja. Upinde wa fidla kwenye tarabu hufanya vivyo hivyo: ulimbo hushika uzi, upinde huuvuta, uzi huchomoka, na mtikisiko wake ndio tunaousikia. Kwenye gari, diski ni sahani pana ya chuma, na ikitikisika huitikisa hewa yote iliyo kando yake. Mlio mkali wa breki kwa kawaida huwa na mitikisiko zaidi ya 1,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu ni jepesi kuliko kawaida kati ya mitikisiko 2,000 na 5,000. Ndiyo maana kitu kidogo kinachotikisika chini ya gari humsumbua hata mtu aliyekaa barazani.

Kwa hiyo breki inaweza kukamata vizuri kabisa na bado ikalia. Inaweza pia kunyamaza huku imekwisha. Cha kuangalia ni wakati inapolia, na inalia vipi.

Mlio wa asubuhi unaoisha baada ya kufunga breki mara mbili tatu ni kutu. Uso wa diski haupakwi rangi, kwa sababu pedi ingeikwangua mara moja, kwa hiyo chuma kiko wazi. Umande wa usiku mmoja unatosha kukiwekea utando mwekundu. Na hapa kwetu kuna chumvi. Kusi inapovuma kwa nguvu, upepo hubeba rasharasha za bahari hadi barabarani, na chembe za chumvi zikitua kwenye chuma huvuta unyevu wa hewa na kuharakisha kutu. Utando huo mwembamba usikutie hofu, pedi zitaufuta zenyewe.

Kutu ya kuhofia ni ile usiyoiona. Kalipa ya aina nyingi hutembea juu ya pini mbili ndogo zilizovikwa mpira. Mpira ukipasuka, mchanga na maji ya chumvi huingia, pini hukamata, na kalipa haiwezi tena kurudi. Pedi inabaki imegusa diski hata ukiwa hujakanyaga kitu. Hapo mlio husikika gari likitembea tu, na pengine hupungua ukikanyaga breki. Gari huvuta upande mmoja, pedi moja huisha mwenzake akiwa bado mzima, na gurudumu hutoa harufu ya kuungua. Ukisimama baada ya safari, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa, kisha linganisha na ya upande wa pili. Ikiwa moja inachoma na nyingine ni ya vuguvugu, hapo kuna kazi ya fundi.

Mlio mwembamba, wa juu, unaosikika safari nzima siku baada ya siku, huenda umewekwa makusudi. Pedi nyingi zina kijibati kidogo cha chuma pembeni. Pedi inapobaki na unene wa milimita 2 au 3 hivi, kijibati hicho hugusa diski na kulia ili dereva ajue. Pedi mpya huwa na milimita 10 au zaidi, basi mlio huo unakwambia umebaki na kidogo sana. Wapo wanaokikunja au kukikata kijibati ili kelele ziishe. Huko ni kumnyamazisha mlinzi usiku mwizi akiwa mlangoni. Wiki chache baadaye nyenzo ya pedi huisha, chuma husaga chuma, na sauti hubadilika ikawa nzito, ya kukwaruza. Ukiisikia hiyo, usiendelee na safari. Diski inaharibika kila unapofunga, na gari halitasimama pale unapotarajia.

Kuna chanzo kimoja cha kelele ambacho ni cha pikapu hasa, na ndicho kinachonisukuma kuandika, kwa sababu kinahusu watu na mizigo tunayopakia nyuma. Pikapu ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi. Breki za nyuma zingefunga kwa nguvu sawa na za mbele, magurudumu ya nyuma yangejifunga na gari lingezunguka. Kwa hiyo pikapu nyingi, zikiwemo Hilux za miaka mingi, zimewekewa vali kwenye chasisi, na chuma chembamba kinachoiunganisha na ekseli ya nyuma. Mzigo ukiwekwa, bodi inashuka kuielekea ekseli, chuma kile kinasukumwa, na vali inaruhusu nguvu zaidi ziende kwenye breki za nyuma. Mzigo ukishushwa, inapunguza.

Sasa tazama tunachofanya. Mtu anabeba chumvi ya Gongoni na Marereni, au maembe ya Magarini, au mawe ya kujengea. Gari linakaa chini mno, anaenda gereji kuongezewa springi. Gari linasimama wima hata likiwa na tani nzima, na mwenyewe anafurahi. Lakini vali haijui habari ya springi. Inachopima ni umbali kati ya bodi na ekseli, na kwa kipimo hicho gari bado ni tupu. Breki za nyuma zinaendelea kunyimwa nguvu, na sehemu kubwa ya mzigo inasimamishwa na pedi za mbele. Pedi hizo hupata moto kupita kiasi, uso wake hukauka na kuwa mgumu, unaong'aa, nao uso wa namna hiyo hulia sana na kukamata kidogo. Mwenye gari atabadilisha pedi za mbele mara kwa mara, akilaumu spea za bandia, kumbe tatizo liko nyuma. Ukiongeza springi, mwambie fundi airekebishe vali kwa kipimo cha gari lako. Na ikiwa chuma chake kimekatika au kimeliwa na kutu, jambo la kawaida kwa gari linaloshinda kwenye mashamba ya chumvi, kibadilishwe. Mwendo nao una hesabu yake: ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza huongezeka mara nne. Teremka polepole, kwa gia ndogo.

Nyuma kwenyewe mara nyingi hakuna diski, kuna dramu, chuma cha mviringo kama sufuria kinachozunguka na gurudumu. Ndani yake pedi zilizopinda husukumwa nje kugusa ukuta wa dramu. Vumbi la pedi halina pa kutokea, na vumbi la barabara za kuelekea Marafa na mchanga wa ufukweni huongezeka humo. Mlio wake ni wa chini, wa kukoroma, na mara nyingine husikika unapoachia breki. Kufungua dramu, kusafisha na kupaka grisi kidogo ya breki pale chuma kinaposuguana na bamba la nyuma hutosha mara nyingi. Vumbi lenyewe lisipulizwe kwa mashine ya upepo. Breki za zamani zilikuwa na asibestosi, ambayo ni hatari kwa mapafu, na kwa macho huwezi kuitambua. Futa kwa kitambaa kilicholowa.

Kuhusu grisi, tuelewane. Ile maalum inayostahimili moto hupakwa mgongoni mwa pedi na kwenye pini, kidogo tu. Haigusi uso wa pedi wala diski hata tone. Oili kwenye uso huo itanyamazisha breki kweli, na itaiondolea uwezo wa kukamata. Pedi iliyolowa oili inatupwa.

Ukitoka ufukweni au Gongoni, osha magurudumu na chini ya gari kwa maji ya bomba, kisha endesha kidogo ukigusa breki mara kadhaa ili zikauke kabla ya kuegesha. Gari likikaa siku nyingi baada ya kulowa, liwekee mawe kwenye magurudumu badala ya kuvuta breki ya mkono, maana pedi za dramu zaweza kugandana na ukuta kwa kutu.

Na ukiwekewa pedi mpya, usitoke moja kwa moja na mzigo. Tafuta barabara isiyo na watu, nenda hadi kilomita 50 kwa saa, punguza polepole hadi 10, rudia mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha acha zipoe. Hivyo utando wa pedi huenea sawasawa kwenye diski. Zikilia bado baada ya hapo, rudi kwa fundi umweleze: inalia nikifunga taratibu au kwa nguvu, gari tupu au limepakia, kushoto au kulia, baridi au moto. Atajua aanze kufungua gurudumu lipi.