Elimu kwa Umma: Shahidi wa Ajali, Andikisha Maelezo Kabla ya Kusimuliana

Malalamiko yanayotufikia yanafanana: kesi ya ajali ya boda boda imelegea kwa sababu shahidi alisema hivi kituoni na vile mahakamani, na ndugu wa majeruhi wana hakika kwamba amehongwa. Mara nyingi hajahongwa. Kumbukumbu yake imebadilika, kama ya mtu mwingine yeyote.

Tukio halihifadhiwi likiwa zima mahali pamoja. Sura na sauti hubaki sehemu mbalimbali za ubongo, na hipokampasi, sehemu ya ubongo iliyo ndani usawa wa masikio, huziunganisha. Kila unapokumbuka unaziunga upya, na penye pengo huingia uliyoyasikia baadaye bila wewe kujua. Mwaka 1974, watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Wengine waliulizwa mwendo wa magari "yalipobamizana", wengine "yalipogongana". Baada ya wiki moja, 16 kati ya 50 wa kundi la kwanza walisema waliona vioo vilivyovunjika. La pili, 7 kati ya 50. Filamuni hakukuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja. Neno moja tu lilitosha! Sembuse mashahidi waliokaa stejini mchana kutwa, kila mmoja akiongeza lake.

Kwa hiyo nendeni polisi mapema, siku hiyohiyo ikiwezekana. Eleza kwa lugha unayoimudu. Askari akishaandika, akusomee. Sikiliza hadi mwisho, sahihisha palipokosewa, ndipo utie sahihi au dole gumba. Ukikumbuka jambo baadaye, rudi utoe maelezo ya nyongeza. Usiombe karatasi ya kwanza ibadilishwe. Rangi ya helmeti usiyoiona, sema hukuiona. Kusema uongo kwa makusudi chini ya kiapo ni kosa ambalo adhabu yake hufika kifungo cha miaka 7. Kukosea kwa nia njema si kosa hilo.

Na tafadhali, tuache hoja ya "nakumbuka kabisa, kwa hiyo ni kweli." Uhakika wa shahidi huweza kukua kadiri anavyorudia simulizi, hata iliyopotoka.

Majeruhi aliyeumia kichwa msimbane akumbuke. Dakika za kabla ya kugongwa huenda ubongo haukuwahi kuzihifadhi, na mkimshikilia atazijaza kwa maneno yenu. Mwacheni apumzike, maelezo yake yataandikwa daktari akiruhusu.