Je, wajua kwa nini boneti ya ndege ya kujiundia hufungwa ikiwa imeshuka kidogo?

Marekani sheria inamruhusu mtu wa kawaida kujiundia ndege na kuirusha, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujiburudisha, si na kiwanda. Wengi hununua vipande vya ndege za RV kutoka Van's Aircraft, kampuni ya jimbo la Oregon iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973. Ukiingia gereji ya mmoja wao wakati kazi inakaribia kwisha, tazama pua ya ndege kwa ubavuni. Kofia ya propela, ile iliyochongoka, imepanda juu ya boneti iliyo nyuma yake, milimita mbili tatu hivi. Utadhani fundi kakosea vipimo. Hajakosea.

Sababu ni raba. Injini inayopendwa kwenye ndege hizi ni Lycoming O-360: silinda nne zilizolala, lita 5.9, nguvu farasi 180, uzito zaidi ya kilo 110. Imeshikwa na fremu ya mabomba ya chuma, na kati ya fremu na injini mna raba nene za kumeza mtikisiko. Raba mpya ni ngumu. Uzito ukishaning'inia pale kwa miezi, zinabonyea na injini inainama. Lakini boneti haikufungwa kwenye injini. Imefungwa kwenye bodi ya ndege, nayo haishuki. Anayelinganisha vitu hivi viwili sawasawa siku ya kwanza atakuja kuona kofia imezama chini ya boneti.

Raba hizohizo ndizo zinazodai nafasi ya milimita 6 hivi kati ya kofia na mdomo wa boneti. Injini hucheza inapowashwa, na zaidi inapozimwa. Aliyewahi kuzima lori la zamani anaujua ule mruko wa mwisho. Bila nafasi, kofia inayozunguka itakula faibaglasi ya boneti.

Sasa, kwa nini kuhangaika na milimita? Si kifuniko tu? Hapa ndipo boneti ya ndege inapoachana na ya gari. O-360 haina rejeta wala maji. Hupozwa na upepo. Hewa huingia kwa matundu mawili ya mbele, hujazana juu ya injini, kisha shinikizo huisukuma ishuke katikati ya mapezi membamba ya silinda na kutokea chini nyuma. Kuta za bati zimezunguka silinda, na juu yake kuna vipande vya mpira vinavyobana kwenye boneti ya juu. Boneti isipokaa vizuri, hewa hupenya pembeni, maana hewa nayo hupenda njia rahisi, na silinda zinaungua wakati upepo upo tele. Lycoming wameweka kikomo cha kichwa cha silinda kuwa nyuzi 260 za Selsiasi.

Halafu kuna mwendo. Mwaka 1928, wahandisi wa shirika la utafiti la NACA kule Langley, Virginia, wakiongozwa na Fred Weick, waliivalisha ganda injini ya ndege ya Curtiss AT-5A iliyokuwa wazi. Kutoka kilomita 190 kwa saa ikafika 220, injini ni ileile.

Kazi yenyewe ni ya subira. Boneti huja vipande viwili vya faibaglasi, cha juu na cha chini, kingo zikiwa ndefu kupita kiasi. Propela huwekwa kando, na mahali pake hufungwa duara la mbao lenye upana wa kofia ili boneti ipate cha kujipimia. Ukingo wa bodi ukishafunikwa na boneti hauonekani tena. Kwa hiyo fundi huchora kwanza alama nyuma yake, tuseme sentimita 10, kisha hupima kurudi mbele juu ya boneti na kupata mstari wa kukata. Hakati mpaka mstarini. Anaacha kidogo, anamalizia kwa msasa, anaivisha, anaivua, anaivisha tena. Mimi ningekata tamaa mara ya kumi.

Vipande huungwa kwa bawaba ndefu zilizojificha ndani, waya mmoja ukipita kama uzi. Namna ya kutoboa juu ya kitu usichokiona ni kuwasha tochi kwa ndani: faibaglasi isiyopakwa rangi hupitisha mwanga, na bawaba huonekana kama kivuli.

Ndani hupakwa gundi ya epoksi isinywe oili, na karatasi ya kurudisha joto hubandikwa karibu na mabomba ya ekzosi. Baada ya hapo ni kuruka na kungoja raba zibonyee, mpaka kofia ishuke ilingane na boneti.