Laptopu ya zamani haijafa, ni betri tu

Inaniuma sana kuona laptopu ya miaka ya 90 inatupwa eti kwa sababu "haishiki chaji". Jamani kutoshika chaji ni shida ya betri, sio ya mashine. Nyingi ukichomoa kabisa ile betri kubwa ukaweka adapta sahihi zinawaka vizuri tu. Zipo zinazogoma kweli, mfano Macintosh Portable ya Apple ya 1989, ile inatumia betri ya risasi na asidi na adapta yake peke yake haitoshi kuiwasha, sasa mtu anachomeka umeme anaona kimya, anasema bodi, ule ubao mkuu wa ndani, imeungua, kumbe bodi ni nzima kabisa.

Halafu watu wanaogopa betri kubwa wakati muuaji mwenyewe ni kale kadogo ka ndani, kanakotunza saa na setingi. Kama ni ya nikeli inavuja taratibu miaka na miaka hata mashine ikiwa kabatini imezimwa. Ukifungua unakuta unga wa kijani kwenye miguu ya chipu na njia za shaba zimekuwa nyeusi. Kwa hiyo kabla hujajaribu hata kuwasha, fungua, itoe hiyo betri.

Na hapo kwenye kusafisha ndio watu wanakosea zaidi, wanamwaga magadi wakidhani kilichovuja ni asidi. Sio asidi! Betri za nikeli zinavuja alkali, potasiamu haidroksaidi, magadi hayaifanyi kitu. Chukua siki kidogo na mswaki laini, utaona vipovu vidogo vinatoka pale penye ule unga, hiyo ni dalili inafanya kazi, ukimaliza futa siki yote kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Magadi yaache kwa betri za risasi, zile ndizo zina asidi.

Wengine wakishatoa ile betri ya nikeli wanaweka CR2032, ile betri ya lithiamu ya duara kama sarafu, pale pale kwa sababu inaenea. Usifanye hivyo, saketi inaichaji ile sehemu na CR2032 haichajiwi, inaweza kuvimba au kupasuka, labda uweke diodi ya kuzuia umeme usirudi.

Kuweka betri kwenye friza ili ifufuke? Hapana, seli iliyochoka imechoka, utaongeza unyevu tu. Na zile za lithiamu zilizokaa miaka zimeisha kabisa usizilazimishe kwa kuzipa umeme wa moja kwa moja, shaba ya ndani huwa imeshayeyuka na inaweza kufanya shoti ukichaji, hapo ni moto. Badilisha seli tu.

Adapta nayo: eti ampea nyingi zinaunguza. Haziunguzi, mashine inavuta inachohitaji. Kinachounguza ni volti kuzidi au chanya na hasi kugeuzwa, na adapta za zamani hazina utaratibu mmoja, kwingine chanya iko ndani kwingine nje, pima na mita kabla hujachomeka.

Mwisho, ThinkPad, zile laptopu za IBM, ikikuandikia kosa namba 161 kwenye skrini usishtuke wala usikimbilie kununua bodi, hiyo ni betri ya saa imeisha, na 163 ni tarehe haijawekwa. Weka betri mpya, ingia kwenye setingi, weka tarehe na saa, hifadhi, washa tena.