Kidonge kitupu, na mgonjwa anajua: plasebo ya wazi wakati wa kuacha dawa za unyogovu

Anayeacha dawa ya unyogovu hukutana na mambo mawili kwa mpigo. Ubongo uliozoea dawa unapungukiwa nayo, na papo hapo mwenyewe anangoja mabaya: ameonywa, amesoma mtandaoni, na sasa kila kizunguzungu anakihesabu. Jambo la kwanza dawa yake ni kupunguza dozi polepole, hakuna njia ya mkato. La pili ndilo linaloweza kuguswa na plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, kinachotolewa waziwazi huku mgonjwa akijua fika kwamba ni kitupu. Mimi ni mfamasia hapa Kisumu, na naandika kwa wahudumu wenzangu na kwa mgonjwa anayependa kujua anachomeza. Kama unatafuta plasebo ili ukate dozi haraka zaidi, hukuielewa kazi yake.

Ukubwa wa hilo jambo la pili unapimika. Mwaka 2024 jarida la The Lancet Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa Jonathan Henssler na wenzake, wenye tafiti 79 na watu zaidi ya 21,000. Kati ya walioacha dawa halisi, karibu asilimia 31 walipata angalau dalili moja. Kati ya walioacha plasebo, bila kujua kwamba ni plasebo, walikuwa asilimia 17. Dalili kali zilimpata takribani mtu mmoja kati ya 35. Wakosoaji walisema, na nakubaliana nao, kwamba tafiti nyingi humo zilihusu watu waliotumia dawa kwa muda mfupi. Aliyemeza kwa miaka ana hatari kubwa zaidi. Lakini hiyo 17 haifutiki. Ni dalili za kweli, mtu anazihisi, na hakuna kemikali iliyomtoka.

Je, plasebo hufanya kazi mtu akiijua? Ted Kaptchuk wa Harvard na wenzake walijaribu mwaka 2010 kwa wagonjwa 80 wenye matumbo yanayosumbua bila kidonda. Karibu nusu walipewa kapsuli za selulosi mara mbili kwa siku kwa majuma matatu na kuambiwa wazi hazina dawa. Wengine walihudumiwa vivyo hivyo bila kapsuli. Waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 59 kwa 35. Mwaka 2016 matokeo ya upande huohuo yalitoka Lisbon kwa maumivu sugu ya mgongo. Tafiti hizo hazikuhusu dawa za unyogovu, na mgonjwa aambiwe hivyo. Zinatuonyesha kwamba dalili ambazo mtu huzihisi mwenyewe, kama maumivu, uchovu na kichefuchefu, zinaweza kusogezwa kwa njia hii. Na dalili za kuacha dawa nyingi ni za namna hiyo.

Utafiti ninaouona kuwa karibu zaidi na kazi yetu ni wa Adrian Sandler na wenzake, pia wa 2010, kwa watoto 99 wa miaka 6 hadi 12 wenye tatizo la umakini na utundu uliopitiliza. Mtoto alimeza dawa yake ya kawaida pamoja na kidonge kitupu, yeye na wazazi wakijua. Baadaye dozi ikakatwa nusu, kidonge kitupu kikaendelea. Hali yao ilibaki nzuri karibu sawa na waliobaki kwenye dozi kamili, na ilikuwa afadhali kuliko ya waliokatiwa nusu bila kidonge. Siri iko kwenye mpangilio: kidonge kitupu kilitangulia kuzoeana na dawa kabla ya dawa kupunguzwa. Wengi hukosea hapo. Wanaleta plasebo siku mgonjwa anapotapika na kupigwa shoti kichwani, na mwili haujawahi kuifahamu.

Kwanza ngazi ya kupunguza dozi ikae sawa, maana plasebo haiwezi kuokoa ngazi mbovu. Mark Horowitz na David Taylor waliandika mwaka 2019 jinsi dozi inavyohusiana na kazi ya dawa kwenye ubongo. Chukua citalopram, moja ya dawa za unyogovu. Miligramu 20 huziba karibu asilimia 80 ya visafirishi vya serotonini, yaani vijilango vya ubongo ambavyo dawa hii huvifunga. Ukishuka hadi 9 hivi, bado asilimia 70 vimezibwa. Kwenye 5.4 ni asilimia 60, kwenye 3.4 ni 50, kwenye 1.5 ni 30. Kwa hiyo kutoka 20 hadi 10 ubongo hauoni tofauti kubwa, lakini aliyetoka robo kidonge hadi sifuri amepoteza zaidi ya asilimia 50 kwa siku moja. Ndiyo maana tunasikia kila mara, "Daktari, nilishuka vizuri mpaka mwisho, ndipo nikaanguka." Hatua za mwisho ziwe ndogo kuliko zote, na kati ya hatua na hatua pawe na majuma mawili hadi manne. Chini ya robo kidonge kisu hakifai tena. Mfamasia atengeneze dawa ya maji inayopimwa kwa sirinji ya mililita 1, au daktari amhamishie mgonjwa kwenye fluoxetine, dawa nyingine ya unyogovu.

Fluoxetine hujipunguza yenyewe, kwa kuwa yenyewe na kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana nayo hukaa mwilini kwa siku nyingi. Katika jaribio la mwaka 1998 ambapo dawa zilisimamishwa kwa siku 5 hadi 8, dalili ziliwapata asilimia 66 ya waliokuwa kwenye paroxetine, 60 ya sertraline, na 14 tu ya fluoxetine. Hiyo ni bahati kwa wagonjwa wetu wengi wa hospitali za umma, kwa sababu fluoxetine na amitriptyline ndizo zinazopatikana kwa urahisi dirishani. Kuruka siku moja moja kunaweza kupita kwa fluoxetine, lakini kwa paroxetine au venlafaxine ni kujitafutia taabu. Amitriptyline nayo huaga kwa namna yake: kichefuchefu, kuhara, jasho na ndoto za ajabu.

Sasa kapsuli yenyewe. Ukubwa wa namba 1 unatosha. Ijazwe selulosi ya kifamasia. Hubeba kama miligramu 150 hadi 200 kutegemea unavyoshindilia. Laktosi siipendi hapa. Kiasi hicho ni kidogo, lakini watu wazima wengi kwetu maziwa huwasumbua, na ukimwambia mtu kapsuli ina sukari ya maziwa, tumbo litaanza kunguruma kabla hajaimeza. Gelatini nayo ina mambo yake. Nyingine hutokana na nguruwe, na mgonjwa Mwislamu au Msabato ana haki ya kuulizwa kwanza. Kapsuli za mimea zipo na humaliza mjadala. Tena kapsuli za mimea huvumilia zaidi unyevu wa huku ziwani. Gelatini ikikaa kwenye bahasha ya kaki majuma mawili, hasa majira ya mvua, huwa laini na kunatana. Weka kwenye chupa yenye kifuniko na kijifuko cha kukausha unyevu.

Rangi iwe tofauti kabisa na ya dawa halisi. Najua mtu atasema kufanana kungesaidia mazoea. Huenda, lakini siku mgonjwa atakapochanganya, atameza dozi mbili au akose kabisa, nawe hutajua kilichotokea. Mazoea yajengwe kwa saa ileile na kikombe kilekile. Kwenye chupa andika kwa herufi kubwa: PLASEBO, HAINA DAWA, pamoja na tarehe na 1×2. Usilete vitamini B kompleksi mahali pa plasebo: hiyo ina kazi mwilini na mkojo utageuka manjano. Usilete Panadol. Piriton ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu huleta usingizi na pia hugusa serotonini kidogo. Utakuwa umeongeza dawa nyingine ya kuja kuachwa.

Maneno ya kumpa mgonjwa yana uzito kuliko kapsuli. Kaptchuk alisisitiza mambo manne, nami huyaweka hivi: "Mama, kapsuli hii haina dawa. Ndani ni unga wa mimea usiofanya kitu mwilini. Utafiti kwa magonjwa mengine umeonyesha kwamba kumeza kidonge kwa utaratibu huwapa baadhi ya watu nafuu, hata wakijua ni kitupu, kwa sababu mwili hujifunza kuitikia wenyewe bila kuuamuru. Ukiwa na matumaini ni vizuri, ila si lazima uamini; ukiwa na shaka, baki na shaka yako. Ninachokuomba ni usiruke siku." Kisha nyamaza, umwache aulize. Swali linalokuja karibu kila mara ni "Kwa hivyo mnasema ugonjwa wangu ni wa kujifikiria?" Jibu ni hapana. Mwaka 1978 Levine, Gordon na Fields waliwapa naloxone watu waliong'olewa meno, na nafuu ya plasebo ikapungua, maana naloxone huzuia vituliza-maumivu ambavyo mwili hujitengenezea. Nafuu hiyo ina njia yake mwilini.

Ratiba ni rahisi. Majuma matatu ya kwanza usiguse dozi. Asubuhi baada ya chai mgonjwa ameze dawa yake na kapsuli moja pamoja, jioni kapsuli moja peke yake. Juma la nne ndipo dozi ipungue kwa hatua ya kwanza, na kapsuli zibaki palepale, mbili kwa siku. Siku ngumu anaweza kuongeza moja mchana. Kwenye daftari aandike mara moja tu kwa siku, jioni, alama 0 hadi 10 kwa kizunguzungu, usingizi, kichefuchefu na shoti za kichwani. Mara moja inatosha. Anayejipima kila saa hujitafutia dalili, nasi tutakuwa tumelisha lilelile tulilotaka kulituliza.

Hapa magharibi mwa Kenya kuna mtego mmoja ambao miongozo ya Ulaya haiutaji. Dalili za kuacha dawa zinafanana na malaria: mwili kuuma, jasho, baridi, kichwa, kichefuchefu. Mgonjwa anaenda duka la dawa la karibu, anapewa AL, dawa ya malaria, bila kupimwa, dalili zinapungua zenyewe siku ya tatu, na kila mtu anaamini ilikuwa malaria. Hatua inayofuata, mambo ni yaleyale. Kuacha dawa ya unyogovu kwa kawaida hakupandishi joto la mwili. Pima kwa kipimajoto; ukiona 38 au zaidi, tafuta ugonjwa. Joto likiwa la kawaida bado toboa kidole, kipimo cha haraka cha malaria kinachukua dakika 15 hadi 20 na kinaondoa ubishi. Kapsuli ya plasebo isimcheleweshe mtu kupimwa hata siku moja.

Mtego wa pili ni ARV, dawa za VVU. Dolutegravir, iliyomo ndani ya TLD (kidonge kimoja chenye ARV tatu), inaweza kuvuruga usingizi na hisia, hasa mtu anapoianza. Mtu akibadilishiwa ARV mwezi uleule anaopunguza citalopram, hutajua kipi kimefanya nini. Subiri kimoja kitulie. Na liseme waziwazi mbele ya mgonjwa: mpango huu hauhusu ARV, dawa za TB, za kifafa wala insulini. Hizo hazibadilishwi na kidonge kitupu hata robo.

Dalili zikija, angalia kalenda. Za kuacha dawa huanza siku chache baada ya hatua (kwa fluoxetine zinaweza kuchelewa majuma), huja na vitu ambavyo unyogovu hauna, kama shoti unapogeuza macho, na dozi ikirudishwa hutulia ndani ya siku chache. Unyogovu unaorudi huja taratibu, baada ya majuma au miezi, na sura yake mgonjwa anaijua: kukosa hamu, kujiona hana thamani, kuamka alfajiri akiwa mzito. Nao hurudi kweli. Katika jaribio la ANTLER la Uingereza, lililochapishwa 2021 na lenye watu 478, ndani ya majuma 52 unyogovu uliwarudia asilimia 56 ya walioacha dawa, na 39 ya walioendelea. Uamuzi wa kuacha ni wa mgonjwa na daktari wake, na kuna watu ambao jibu lao ni kuendelea kumeza. Mwenye ugonjwa wa bipola, aliyejaribu kujiua karibuni, au mjamzito asianze ngazi hii bila daktari wa akili. Mawazo ya kujiua yakija, plasebo na daftari vinawekwa kando. Aende hospitali siku hiyohiyo akiwa na mtu, au apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Jamaa wakati mwingine huomba, "Mpe tu hicho kitupu, usimwambie." Kataa. Akijua baadaye, na atajua, hatakuamini tena hata ukimpa dawa halisi.

Alama zikipita 6 kwa siku tatu mfululizo, rudi kwenye dozi ya hatua iliyotangulia, kaa hapo majuma manne, kisha gawa ile hatua mara mbili. Kapsuli haziguswi wakati huo wote. Dawa ikifika sifuri, ziendelee mwezi mmoja zaidi, kisha mgonjwa aache ya jioni, na juma linalofuata ya asubuhi. Ndiyo, hata hizi ziachwe kwa hatua. Mwambie habari ya ile asilimia 17, wengi hucheka, na kizunguzungu kikimjia siku mbili tatu atajua kinatoka wapi.