Maana ya maombolezo katika imani ya Kikristo, na nafasi ya ibada ya pamoja

Maombolezo, kwa maana tunayoikuta katika Biblia, ni sala ambayo mtu aliye katika mateso humweleza Mungu uchungu wake bila kuupunguza, humuuliza maswali mazito, pengine humlalamikia waziwazi, na bado huendelea kumwita Mungu wake. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoyatenga na manung'uniko, kwa maana mwenye kunung'unika humsema Mungu akiwa amempa kisogo, ilhali mwenye kuomboleza humkabili uso kwa uso. Wapo Wakristo wengi waliofundishwa kwamba imani thabiti hailii wala haihoji, nao hushangaa wakiambiwa kwamba katika zaburi 150 tulizo nazo, maombolezo ndiyo aina inayojitokeza zaidi kuliko nyingine yoyote.

Tuchukue Zaburi ya 13, ambayo ina aya sita tu. Katika aya mbili za kwanza mwandishi anauliza "hata lini" mara nne, na swali la kwanza linakwenda moja kwa moja: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Kisha anaomba aangaliwe na kujibiwa, na hatimaye anasema kwamba ameutumainia upendo wa Mungu. Hatuambiwi kwamba adui ameondoka au kwamba hali imebadilika. Ila lipo jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, nalo ni maneno yaliyo juu ya zaburi hiyo: "Kwa mwimbishaji." Kilio cha mtu mmoja kilikabidhiwa kwa kiongozi wa waimbaji ili kiimbwe na watu wote. Hata Zaburi ya 88, ambayo neno lake la mwisho ni giza na haina shukrani popote, ina maelekezo ya namna hiyohiyo. Israeli hawakumwachia mwenye uchungu akalie peke yake chumbani. Waliweka kilio chake ndani ya ibada.

Maombolezo hayaelezi chanzo cha mateso, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo uaminifu wake. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu aliwajibu kwamba si huyo wala si hao. Aliposimuliwa habari za waliouawa na Pilato, alitaja pia wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa dhana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Ukristo una mengi ya kusema kuhusu ulimwengu ulioharibika na kuhusu ufufuo, lakini hauna kanuni ya kumpimia mgonjwa kiasi cha dhambi zake kwa kuangalia ugonjwa wake.

Kinachoyapa maombolezo uzito wake wote ni kwamba Kristo mwenyewe aliomboleza. Alilia alipokuwa akienda kaburini kwa Lazaro, rafiki yake, na msalabani akaomba kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Huko Gethsemane aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo akawaambia, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Hakuwataka wamfariji kwa hoja, wala hawakuwa na uwezo wa kumwondolea kikombe kile, yaani mateso yaliyokuwa mbele yake; alitaka wawepo. Ikiwa Mwana wa Mungu aliomba watu wa kukaa naye katika saa ya huzuni, hakuna Mkristo anayepaswa kuona aibu kuhitaji wenzake.

Hapo ndipo umuhimu wa kwenda kanisani unapoeleweka vizuri. Mwandishi wa Zaburi ya 73 alikaribia kujikwaa alipowaona waovu wakistawi huku yeye akipigwa mchana kutwa, na jambo hilo lilimtaabisha mpaka alipoingia katika patakatifu pa Mungu. Vivyo hivyo, agizo maarufu la Waraka kwa Waebrania, "wala tusiache kukusanyika pamoja," mara nyingi hutumiwa kuwakemea wavivu, lakini tukisoma aya chache mbele tunaona lilielekezwa kwa watu waliokuwa wamedhihakiwa na kunyang'anywa mali zao. Mwandishi alijua kwamba mateso humvuta mtu ajitenge, na kwamba kujitenga huyaongeza mateso.

Ibada ya pamoja humbeba mtu kwa njia ambayo si rahisi kuiona kwa nje. Mfiwa anaweza kusimama kwenye benchi wakati wimbo umeanza na kinywa chake kikakataa kufunguka, huku walio kushoto na kulia kwake wakiimba maneno ambayo yeye, kwa siku hiyo, hawezi kuyakiri. Maneno hayo hayakupotea. Yanatunzwa na kanisa mpaka atakapoweza kuyasema tena mwenyewe. Mtume Paulo alipoandika kwamba kiungo kimoja kikiumia viungo vyote huumia nacho, alikuwa anaeleza jinsi mwili wa Kristo ulivyo.

Wakristo wa kwanza walilichukulia jambo hili kwa uzito ambao sisi tumeusahau. Mwaka 304, katika mateso ya Kaisari Diocletian, watu 49 wa mji wa Abitinae, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, walikamatwa kwa sababu ya kukusanyika Jumapili kinyume cha amri. Walipohojiwa huko Karthago, Emeritus, ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa mahali pa ibada, alijibu kwamba hawakuweza kuishi pasipo mkutano wa Bwana.

Hata hivyo kanisa linaweza kumuumiza anayeteseka, na hili lazima lisemwe. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kunena neno, na kufikia hapo walitenda vyema. Walikosea walipoanza kumweleza kwa nini anateseka, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Ibada ambayo haina nafasi ya huzuni, ambayo kila wimbo ni wa ushindi na kila ushuhuda umekwisha kupata jibu, humlazimisha mwenye jeraha avae uso usio wake au abaki nyumbani. Na anayehitaji daktari ahimizwe kumwona, maana maombi ya kanisa hayashindani na matibabu.

Vipi basi yule asiyeweza kufika kwa sababu ya ugonjwa, uzee au kifungo? Yakobo anaagiza kwamba mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao waende wakamwombee. Katikati ya karne ya 2, Justin, mwalimu aliyeuawa Roma kwa ajili ya imani yake, alieleza ibada ya Jumapili ya wakati wake: baada ya masomo na maombi watu walishiriki mkate na kikombe, sadaka ikakusanywa kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa, na mashemasi wakawapelekea wasiokuwapo sehemu yao ya chakula hicho hicho.